Mwalimu wa Walinda Mlango

Katika mchezo wa mpira wa miguu kila timu ina watu kumi na mmoja. Kumi kati yao hawana ruhusa ya kudaka mpira kwa mikono. Mmoja tu ndiye mwenye ruhusa hiyo, naye ni mlinda mlango, ambaye wengine humwita golikipa. Kwa kuwa kazi yake haifanani na kazi za wenzake, yafaa awe na mwalimu wake mwenyewe. Leo tutasoma habari za mwalimu wa namna hiyo katika vyuo vikuu vya Marekani, ambako wasichana wengi hucheza mpira, na kuwafundisha kumekuwa kazi ya mshahara kama kazi nyingine.

Kwanza tujue kazi hiyo ilivyoanza. Zamani vyuo vya Marekani vilitumia fedha nyingi kwa michezo ya wavulana, na kidogo sana kwa wasichana. Mwaka 1972 ilitungwa sheria kwamba shule na vyuo vipewavyo fedha na serikali visimbague mtu kwa sababu ni mwanamke au mwanamume. Sheria hiyo ilihusu masomo, lakini michezo ya shule nayo ikaingia ndani yake. Basi vyuo vikaanza kuunda timu za wasichana. Mwaka 1982 chama cha michezo ya vyuo, kiitwacho NCAA, kilifanya mashindano yake ya kwanza ya mpira wa wanawake, na Chuo Kikuu cha North Carolina kikashinda. Hadi mwaka 2024 chuo hicho kilikuwa kimetwaa ubingwa huo mara 22. Siku hizi, katika daraja la kwanza peke yake, zaidi ya vyuo 300 vina timu za wanawake. Timu zilipozidi, ndipo walimu walipohitajiwa.

Sasa tutazame mafundisho yenyewe. Goli lina upana wa meta 7.32 na kimo cha meta 2.44. Hapana mtu awezaye kulijaza pengo hilo kwa mwili wake. Kwa hiyo jambo la kwanza analofundisha mwalimu si kuruka, bali ni kusimama mahali panapofaa. Mnaweza kulijaribu jambo hili wenyewe uwanjani. Weka mpira mbele ya goli, umbali wa meta 11. Chukua kamba mbili. Moja uifunge katika mlingoti wa kulia, na nyingine katika mlingoti wa kushoto, kisha uzivute zote mbili mpaka zikutane penye mpira. Mtu akisimama katika mstari wa goli, nafasi kati ya kamba ni meta 7.32. Akitoka mbele mpaka nusu ya njia, nafasi ni meta 3.66 tu. Ndiyo sababu mlinda mlango hodari hutoka kumwendea adui. Lakini akitoka mno, mpira utapitishwa juu ya kichwa chake. Kupima kati ya mambo hayo mawili kwataka mazoezi ya miaka.

Jambo la pili ni kuanguka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mwenye kutaka mpira wa chini sharti ajitupe. Msichana hufundishwa kuanguka kwa ubavu, uzito wa mwili ukipokelewa na paja, nyonga na bega, asitangulize kiwiko. Tena hufundishwa kukunja magoti kila atuapo kutoka juu, maana imeonekana ya kuwa wasichana huumia ukano wa ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana. Mwalimu mwema hulinda afya ya mwanafunzi kuliko ushindi. Briana Scurry, aliyelinda mlango wa Marekani timu yake ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 1999, aligongwa kichwani na goti la mchezaji mwingine mwaka 2010. Hakucheza tena, na maumivu ya kichwa yakamtesa kwa miaka. Kwa hiyo mchezaji akigongwa kichwa, hata akisema ni mzima, hapana budi atolewe nje akachunguzwe na mganga.

Jambo la tatu ndilo gumu kupita yote, nalo ni la moyoni. Mshambuliaji akikosa goli mara tano, akalipata mara moja, atashangiliwa. Mlinda mlango akizuia mara tano, akakosa mara moja, watu watakumbuka ile moja. Mwalimu atamfundishaje msichana kubeba jambo hilo? Afundishaye vema ni yule aliyelibeba mwenyewe.

Siri Mullinix ni mmoja wa walimu hao. Alisoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha North Carolina, na mwaka 2000 akawa mlinda mlango wa timu ya Marekani katika michezo ya Olimpiki huko Sydney, Australia. Siku ya mwisho walipambana na Norwei. Muda ulipokuwa unakwisha, Marekani walipata goli la kusawazisha, ikawa 2 kwa 2. Wakati ule ilikuwako sheria kwamba katika muda wa nyongeza, goli la kwanza humaliza mchezo papo hapo. Katika dakika ya 102 Dagny Mellgren wa Norwei akafunga. Hapakuwa na nafasi ya kurudisha. Norwei wakachukua dhahabu, na Marekani fedha.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mullinix aliendelea kucheza katika timu ya Washington Freedom, ambayo mwaka 2003 ilishinda mashindano ya wachezaji wa kulipwa. Mwaka huohuo mashindano hayo yakafungwa kwa kukosa fedha. Baadaye alishika kazi ya kufundisha, akawa mwalimu wa walinda mlango katika Chuo Kikuu cha Clemson, katika jimbo la South Carolina.

Kazi hiyo haina njia moja ya kuiingia. Wengi walikuwa wachezaji, wakapata shahada ya chuo na vyeti vya kufundisha mpira, kisha wakaanza kama wasaidizi wa chini. Mashindano huanza mwezi wa Agosti na kwisha mwezi wa Desemba, lakini kazi ni ya mwaka mzima. Mwalimu husafiri kuwatazama wasichana wa shule za sekondari, ili achague watakaokuja chuoni. Hata hivyo sheria yamkataza kuzungumza nao habari za kujiunga mpaka tarehe 15 Juni, baada ya mwaka wao wa pili wa sekondari.

Tena ana shida isiyowapata walimu wengine. Huwa na wanafunzi watatu au wanne, na siku ya mchezo mmoja tu ndiye asimamaye golini. Waliobaki hukaa pembeni, pengine mwaka mzima. Lazima awafundishe wote kwa bidii ileile, kama kwamba kila mmoja wao ataitwa kesho.

Je, kuna faida gani? Kailen Sheridan, msichana wa Kanada, alisoma Clemson tangu mwaka 2013 hadi 2016. Mwaka 2021 alikwenda Tokyo na timu ya Kanada katika Olimpiki, lakini wa kwanza golini alikuwa Stephanie Labbé. Katika mchezo wa kwanza Labbé aliumia. Sheridan akaingia mahali pake, kisha akacheza mchezo wa pili, na Kanada wakawashinda Chile 2 kwa 1. Labbé alipopona, Sheridan alirudi kukaa pembeni, na mwishowe Kanada wakatwaa dhahabu. Aliitwa ghafula, naye alikuwa tayari.

Maswali
1. Kwa nini mlinda mlango hutoka mbele ya mstari wa goli? Chora picha ya kamba mbili ueleze.
2. Sheria ya mwaka 1972 ilileta badiliko gani katika michezo?
3. Kwa nini mwalimu huwafundisha kwa bidii hata wale wasiochezeshwa?