Vipuri vya Hercules: hati ndiyo mali

BIASHARA ya vipuri vya ndege ya uchukuzi ya kijeshi aina ya C-130 Hercules huwavutia wenye mitaji midogo kwa sababu ndege hiyo haiachwi upesi. Ya kwanza iliruka nchini Marekani mwaka 1954, na hadi sasa zimeundwa zaidi ya 2,500. Zipo zenye umri wa miaka 40 ambazo bado zinabeba askari, magari na chakula cha msaada.

Mahitaji katika soko hili hupanda ghafla. Agosti 2019, Jeshi la Anga la Marekani lilisimamisha ndege 123 zikaguliwe baada ya nyufa kuonekana kwenye maungio ya bawa. Septemba 2022 likasimamisha ndege 116 za aina ya H kutokana na kasoro kwenye kitovu cha pangaboi. Nyakati kama hizo, mwenye kipuri kinachotakiwa ghalani ndiye anayepanga bei.

Hata hivyo, soko lina sehemu mbili. Aina ya H hutumia injini ya T56 na pangaboi la mapanga manne. Aina ya J, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1996, hutumia injini ya AE 2100 na mapanga sita. Vipuri vya injini ya H haviingii kwenye J. Jeshi linapohamia J, ndege zake za H huweza kuchinjwa na vifaa vyake kuingia sokoni. Hivyo kipuri cha T56 kilicho adimu leo kinaweza kujaa kesho, na aliyenunua kwa mkopo akabaki na mzigo.

Jambo la pili ni hati. Mnunuzi makini hutaka kujua namba ya kipuri, saa kilizoruka, wamiliki waliotangulia na karakana iliyokitengeneza. Kisicho na kumbukumbu hizo huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, hata kiwe kinang'aa. Ukali huo una sababu. Julai 10, 2017, ndege ya KC-130T ya kikosi cha Marines ilianguka Mississippi na kuua watu wote 16. Uchunguzi ulibaini kuwa panga moja lilikuwa na kutu ambayo haikuondolewa lilipofanyiwa matengenezo makubwa mwaka 2011.

La tatu ni sheria. Kwa kawaida, vipuri vilivyobuniwa mahsusi kwa ndege za kijeshi za Marekani huhitaji kibali cha serikali ya nchi hiyo kabla ya kuuzwa nje. Masharti hayo hufuata mali: aliyenunua akiwa nchi moja hawezi kuuza nchi nyingine bila ruhusa. Anayekiuka huweza kutozwa faini au kufungwa.

Kwa hiyo, anayeshawishiwa kuweka fedha katika shehena ya vipuri hivi aulize mambo matatu kabla ya kulipa: ni vya aina ipi ya ndege, kumbukumbu zake ziko wapi, na nani anaruhusiwa kuvinunua. Muuzaji akijibu kwa maneno matupu bila karatasi, bei ndogo anayotaja si nafuu. Ni hasara iliyocheleweshwa.