Shotigani mpya inakwama? Angalia haya kabla ya kuilaumu

Mbele ya benki na maduka ya jumla ya Kariakoo utawakuta walinzi wenye shotigani. Zipo nyingi za pampu: unavuta kishikio cha mbele kuja kwako ganda tupu linatoka, unakisukuma kirudi, risasi nyingine inaingia. Kinachoendesha kila kitu ni mkono wako.

Ndiyo maana bunduki mpya ikianza kukwama, tatizo linaweza lisiwe la kiwandani kabisa. Lakini kumbuka: bunduki iliyokwama bado inaweza kuua. Risasi inaweza kuwa ndani, na Mtaa wa Kongo saa sita mchana hauna upande usio na watu.

Usalama kwanza

Toa kidole kwenye kifyatulio, weka kitufe cha usalama, elekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitampata mtu.

Umefyatua ukasikia "ka!" tu? Usifungue haraka. Subiri sekunde 30, mtutu ukiwa upande salama, maana baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, acha kabisa. Huenda kuna kitu kimebaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata inaweza kuupasua.

1. Mkono

Kosa la kawaida ni kuvuta nusu. Ganda tupu linabaki, au risasi mpya hainyanyuki, basi hapo imekwama. Bunduki mpya huwa ngumu kidogo, hivyo watu huionea huruma. Vuta mpaka mwisho, sukuma mpaka mwisho. Fanya mazoezi kwa risasi bandia zisizo na baruti.

2. Grisi ya kiwandani

Silaha hutoka kiwandani ikiwa imepakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu safarini. Yakiachwa, yanashika vumbi na kufanya vyuma viwe vizito. Hakikisha haina risasi, ifungue kwa kufuata kitabu chake, ifute, kisha paka mafuta mepesi kidogo tu. Kwa walio jirani na bandari, hewa ya chumvi inaleta kutu, kwa hiyo kufuta iwe kazi ya kila mara.

3. Aina ya risasi

Soma maandishi kwenye mtutu: kipimo, mfano 12, na urefu wa chemba, mfano milimita 70 au 76. Urefu wa risasi hupimwa ganda likiwa limeshafunguka. Kwa hiyo risasi ya 76 inaweza kuingia kwenye chemba ya 70, lakini ikifyatuliwa ganda linakosa nafasi na presha inapanda.

Hatari nyingine ni risasi ya kipimo cha 20. Ni nyembamba, ikiwekwa kwenye bunduki ya 12 inateleza na kunasa mbele ya chemba. Mtu anaona chemba tupu, anaweka nyingine, anafyatua, mtutu unapasuka. Usichanganye risasi za maboksi tofauti.

Kama kishikio kinagoma kurudi nyuma baada ya kufyatua, jaribu risasi za aina nyingine zenye kipimo sahihi. Vitako vya baadhi ya risasi za bei rahisi hutanuka na kung'ang'ania chemba.

4. Risasi za zamu

Walinzi wakipokezana, risasi zilezile huingizwa na kutolewa kila siku. Ukingo wa kitako unachakaa, ganda linabonyea. Zikague, zilizoharibika ziondoe kwenye lindo.

Bado inakwama?

Andika ilikwama ikifanya nini: kutoa ganda au kuingiza risasi? Ilikuwa risasi gani? Kisha irudishe kwa aliyekuuzia, au ipeleke kwa fundi wa silaha mwenye leseni. Usipige nyundo wala kusaga chuma. Silaha inamilikiwa kwa leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, si pampu ya maji ya kumwachia fundi yeyote pale Gerezani.

Kwa wenye kampuni za ulinzi: kabla mlinzi hajakabidhiwa bunduki mpya, aifyatue kwanza kwenye uwanja wa shabaha, kwa risasi zilezile atakazopewa lindoni. Ikikwama huko, kuna muda wa kutafuta sababu. Ikikwama mlangoni mwa duka usiku, muda huo haupo.