Mbona Nyumba ya Kununua Ni Adimu Dar es Salaam

Nyumba nyingi za Dar es Salaam hazikununuliwa. Zilijengwa na wenyewe, kidogo kidogo, kwa fedha iliyosazwa kwenye mshahara au biashara. Kwanza hutafutwa kiwanja. Miaka inayofuata hufyatuliwa matofali, huchimbwa msingi, kuta hupandishwa hadi kwenye lenta, kisha fundi huambiwa asubiri mpaka mabati yapatikane. Kuta hizo zisizo na paa, ambazo wakazi huziita boma au pagale, zimetapakaa Chanika, Mbagala, Bunju na Kigamboni. Nyasi huota mahali palipokusudiwa kuwa sebule, na mtoto aliyezaliwa msingi ukichimbwa huanza shule kabla dari haijawekwa.

Utaratibu huo haukutokana na mapenzi ya watu kwa ujenzi. Mwalimu, muuguzi, dereva au mwenye duka la rejareja angependa kukabidhiwa funguo za nyumba iliyokwisha, akailipia taratibu huku anaishi ndani yake. Anapoitafuta hukutana na nyumba za aina mbili. Ya kwanza ni ile yenye hati, maji na barabara, ambayo bei yake inamshinda kwa mbali. Ya pili ni ile ambayo bei yake inafikika, lakini ipo bondeni, au haina njia ya gari, au karatasi zake zina mashaka. Iliyo kati ya hizo mbili ndiyo adimu, na uadimu wake una sababu zinazoeleweka: ardhi, mkopo na gharama ya ujenzi.

Jiji lililokua kuliko nyumba zake

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Katika miaka kumi mkoa uliongeza watu zaidi ya milioni moja, na kila mmoja wao anahitaji pa kulala. Kwa nchi nzima, makadirio yanayotajwa na taasisi za serikali ni upungufu wa nyumba milioni 3, na mahitaji mapya ya nyumba 200,000 kila mwaka.

Baada ya uhuru Serikali ilijaribu kujenga yenyewe. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, na katika miaka yake ya mwanzo lilibomoa nyumba duni za Magomeni na kwingineko, likajenga nyumba za bei nafuu mahali pake. Kasi ya ujenzi haikuweza kufuata kasi ya watu, na katika miaka ya 1970 sera ikabadilika. Kwa msaada wa Benki ya Dunia, Serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachonga barabara na kupitisha maji, kisha ikawaachia wananchi wajenge. Mitaa hiyo leo hutafutwa sana na wapangaji na wanunuzi, kwa sababu nafasi ya barabara na huduma ilitengwa kabla nyumba hazijasimama.

Wakati huo ilikuwapo pia Benki ya Nyumba Tanzania, iliyotoa mikopo ya makazi. Benki hiyo ilifungwa mwaka 1995. Kwa zaidi ya muongo mmoja baada ya hapo, nchi ilikuwa karibu haina mikopo ya nyumba ya muda mrefu, na aliyetaka makazi yake alibaki na njia moja tu: kununua matofali kila alipopata fedha.

Kiwanja na karatasi zake

Kisheria, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwenye kiwanja kilichopimwa hupewa haki ya kukimiliki kwa muda, aghalabu miaka 33, 66 au 99, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 1999. Haki hiyo huthibitishwa na hati. Lakini sehemu kubwa ya jiji iliota kabla mpima hajafika, na kwa makadirio ya kawaida karibu asilimia 70 ya wakazi wanaishi katika maeneo yasiyopangwa.

Katika maeneo hayo mauziano hufanywa kwa karatasi iliyoandikwa mbele ya mashahidi na kugongwa mhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo ina uzito kwa majirani wanaofahamiana. Hata hivyo, haimzuii muuzaji mwenye tamaa kuuza kiwanja kilekile mara ya pili, na haitoshi kuwa dhamana ya mkopo mkubwa wa nyumba. Leseni ya makazi, iliyoanza kutolewa jijini katika miaka ya 2000, ilikusudiwa kuziba pengo hilo kwa kumtambua mkazi rasmi. Ni haki ya miaka michache, inayohitaji kuhuishwa, kwa hiyo haiwezi kubeba deni la miaka 15 au 20.

Kununua bila uhakika kumewaumiza wengi. Mafuriko ya Desemba 2011 yalizifagia nyumba za Bonde la Msimbazi, na baadhi ya walioathirika wakahamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao. Mwaka 2017 nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa kwa kuwa zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Baadhi ya familia zilikuwa zimekaa hapo miaka mingi. Alama nyekundu ya X ukutani, inayoashiria kuwa nyumba itabomolewa, imekuwa jambo ambalo kila mnunuzi wa Dar es Salaam hulihofia.

Ndiyo maana mnunuzi makini haishii kwenye maneno ya dalali. Hufanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati ili kujua jina lililoandikishwa, na kama pana mkopo au zuio juu ya nyumba hiyo. Huulizia halmashauri kama eneo limepangwa kuwa la makazi, na kama barabara au bonde linaligusa. Huhakikisha mwenzi wa muuzaji ameridhia kwa maandishi, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ikiwa mwenye nyumba amefariki, hutaka barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Hatua hizi huchukua muda na fedha, na dalali anayelipwa asilimia ya bei ana kila sababu ya kumharakisha mteja. Kuharakishwa huko peke yake ni onyo.

Hesabu ya mkopo

Sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008 iliwapa wakopeshaji mazingira bora ya kisheria. Mwaka huohuo ilitungwa sheria inayoruhusu fleti moja ndani ya ghorofa kuwa na hati yake. Mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya kuzikopesha benki fedha za muda mrefu, TMRC, ili nazo ziweze kuwakopesha wanunuzi kwa miaka mingi. Mikopo ya nyumba imeongezeka tangu hapo, lakini bado ni maelfu machache tu kwa nchi nzima. Kikwazo kikubwa ni riba, ambayo kwa kawaida huwa kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka.

Mfano wa hesabu unaonyesha uzito wake. Tuseme nyumba inauzwa shilingi milioni 80. Mnunuzi anatoa milioni 16 kama malipo ya awali na kukopa milioni 64 kwa miaka 15. Kwa riba ya asilimia 17, atarejesha takriban shilingi 985,000 kila mwezi, na hadi mwisho atakuwa amelipa kama milioni 177 kwa mkopo wa milioni 64. Riba ingekuwa asilimia 9, marejesho yangeshuka hadi takriban 649,000 kwa mwezi.

Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa mwaka 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Mshahara huo wote, bila chakula wala nauli, ni kama nusu tu ya rejesho la kwenye mfano wa kwanza, na haufikii hata lile la pili. Mtu anayetaka marejesho ya mfano wa kwanza yasizidi theluthi moja ya kipato chake anahitaji karibu shilingi milioni 3 kwa mwezi. Mama lishe, fundi cherehani na dereva wa bodaboda wana kizuizi kingine. Hata wakipata kipato cha kutosha, hawana hati ya mshahara ya kuionyesha benki, na mapato yao hupanda na kushuka kwa msimu.

Kilichomo ndani ya bei

Bei yenyewe inaanzia juu kwa sababu mjenzi hubeba gharama ambazo si za kuta na paa. Anayejenga nyumba nyingi za kuuza hukuta eneo halina maji, umeme wala barabara ya kupitika masika, hivyo huvipeleka mwenyewe na kumtoza mnunuzi. Saruji, nondo, mabati na vifaa vya bomba huuzwa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ndani yake. Mjenzi naye hukopa kwa riba kubwa. Mauziano yanapofanyika huja ada ya uthamini, ushuru wa stempu, ada ya usajili na kodi ya faida ya mtaji, ambayo kisheria ni ya muuzaji lakini mara nyingi huingizwa kwenye bei.

Ukubwa wa nyumba nao huchangia. Nyumba nyingi mpya zinazotangazwa zina vyumba vitatu na zaidi, choo ndani ya chumba kikuu na uzio mrefu. Kwa familia changa, vyumba viwili vinavyoweza kuongezwa baadaye vingetosha. Nyumba ya Kiswahili iliyojaza Magomeni na Manzese ilifuata busara hiyo. Ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma, na mwenye nyumba aliweza kumalizia chumba kimoja akahamia, kisha akapangisha vingine ili kodi imsaidie kuendelea. Wajenzi wa nyumba za kuuza hawajauiga mpango huo.

Wanunuzi wengi hukimbilia pembezoni ambako ardhi ni rahisi. Huko hulipa gharama nyingine kila siku, kwa kuwa mtu anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji, hutumia saa kadhaa barabarani na nauli ya magari zaidi ya moja.

Njia zilizojaribiwa

Miradi mikubwa imekuwa na matokeo tofauti. Mradi wa Dege huko Kigamboni ulikusudiwa kuwa na nyumba zaidi ya 7,000, lakini ujenzi ulisimama mwaka 2016 na majengo yakabaki matupu. Magomeni Kota, iliyozinduliwa mwaka 2022, ilirudisha familia 644 zilizokuwa zikiishi mahali hapo, na kuwawekea utaratibu wa mpangaji mnunuzi, yaani kodi inayolipwa kwa miaka mingi huigeuza fleti kuwa mali ya mkazi. Utaratibu huo unamfaa mwenye kipato kidogo, kwa sababu hadaiwi kianzio kikubwa.

Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulipima maeneo kama Kibada, Mwongozo na Bunju. Ulileta mpangilio, ingawa viwanja vingi vilichukuliwa na wenye uwezo na kukaa miaka bila kujengwa. Huko Chamazi, watu waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, wengi wao wapangaji, waliweka akiba pamoja, wakanunua ekari 30 na kuanza kujenga nyumba ndogo za kukamilishwa kwa hatua. Kenya imechagua makato. Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara ghafi na mwajiri huchangia kiasi hichohicho.

Majaribio haya yanaelekea upande mmoja. Nyumba nafuu hupatikana pale ambapo ardhi imepimwa na kupewa huduma mapema, nyumba ni ndogo na inaweza kukua, na mnunuzi anapewa miaka mingi ya kulipa bila riba inayomshinda. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havitoshi. Sinza ilipata viwanja, Magomeni Kota imepata muda, na Chamazi ilianza na nyumba ndogo. Familia za kawaida za jiji hili zinastahili vyote vitatu mahali pamoja.

Nafasi ya kuanza bado ipo. Mpaka wa jiji unaendelea kuingia Mkuranga, Kisarawe na Kibaha, ambako mashamba ya mikorosho yanakatwa viwanja na kuuzwa kila wiki. Gharama ya kuyapima na kuyatengea barabara sasa ni ndogo kuliko ile ya kubomoa nyumba za watu baada ya miaka 20.