Kiingereza na Hesabu za Biashara: Njia Aliyoipita Mwana wa Rusinga

Katika kisiwa cha Rusinga, ndani ya Kaunti ya Homa Bay, liko jengo lililojengwa kwa umbo la risasi. Humo amelazwa Bwana Thomas Joseph Mboya, aliyeuawa kwa bastola katika barabara ya Government Road, Nairobi, siku ya Jumamosi, tarehe 5 Julai, 1969. Wageni wafikao hapo huzungumza zaidi habari za siasa, wala si ajabu. Lakini liko jambo jingine katika maisha ya mtu huyu ambalo lawahusu zaidi watoto wa kisiwa chenyewe, wale wakaao usiku mbele ya taa na madaftari yao, wakijizoeza sarufi ya Kiingereza na hesabu za biashara kwa ajili ya mtihani. Bwana Mboya alikuwa mmoja wao. Na tena alikuwa mmoja wa wale walioikosa karo ya kuwafikisha mwisho wa masomo.

Wazazi wake walikuwa watu wa Rusinga, lakini yeye alizaliwa tarehe 15 Agosti, 1930, katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, Mzee Leonard Ndiege, alikuwa mfanya kazi. Alipofikia umri wa miaka 9 hivi alipelekwa kwenye shule ya misheni ya Kikatoliki huko Kabaa, katika nchi ya Ukambani. Kalamu na vibao havikuwako vya kutosha. Watoto waliandika kwa kidole mchangani, mwalimu akipita kusahihisha, kisha maandishi yakafutwa na mengine yakaandikwa mahali pale pale. Mwanafunzi wa siku hizi anayelalamika kwamba daftari lake limejaa na alifikirie hilo kidogo. Somo lililoandikwa mchangani halina pa kurudiwa jioni isipokuwa kichwani.

Kutoka Kabaa alihamia shule ya St. Mary's, Yala, katika Nyanza, na mwaka wa 1946 akaingia Holy Ghost College, Mangu. Siku hizo mtoto wa Kiafrika alipita katika milango myembamba. Mwisho wa shule ya msingi palikuwa na mtihani ulioitwa Kenya African Preliminary Examination, na nguzo zake zilikuwa Kiingereza na hesabu. Aliyeshindwa katika mojawapo alirudi nyumbani hata kama alikuwa hodari wa kila jambo jingine. Aliyefaulu alikwenda shule ya sekondari, na baada ya miaka miwili akakuta mtihani mwingine, na mbele zaidi ukamngojea ule wa Cambridge. Kijana Mboya aliivuka milango ya kwanza. Ule wa mwisho hakuugusa, maana fedha za nyumbani zilikwisha, na wadogo zake nao walikuwa wakihitaji karo. Mwaka wa 1948 akaingia mafunzo ya mainspekta wa afya, ambako wanafunzi walipewa posho, akayamaliza mwaka wa 1950, na mwaka uliofuata akaajiriwa na Halmashauri ya Mji wa Nairobi.

Hapo ndipo alipokutana na hesabu isiyokuwamo kitabuni. Inspekta wa Kiafrika alipata sehemu moja tu ya tano ya mshahara wa inspekta wa Kizungu aliyefanya kazi ile ile. Mtoto wa darasa la tano aweza kuikokotoa: anayelipwa shilingi 100 anafanya kazi kwa siku tano ili apate kile ambacho mwenzake amekipata kwa siku moja. Bwana Mboya hakuiacha hesabu hiyo ikae kimya. Aliingia katika chama cha watumishi wa Halmashauri, akachaguliwa kuwa kiongozi wake, na chama kikageuka kuwa chama cha wafanya kazi chenye nguvu. Mwaka wa 1955, makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, yeye alikuwa miongoni mwa waliosimama kati yao na waajiri wakijadiliana. Mtu hawezi kukaa katika meza kama hiyo bila kujua mia kwa mia ni nini, wala bila kuielewa lugha iliyoandikwa katika mapatano.

Na katika miaka ile ile, kati ya 1953 na 1955, alikuwa mwanafunzi. Alisoma kwa njia ya posta katika Efficiency Correspondence College ya Afrika Kusini, akishika hasa somo la uchumi. Wengi wa siku hizi hawajui shida ya masomo ya posta. Masomo hufika ndani ya bahasha. Mwanafunzi husoma peke yake, huandika majibu, huyatia posta, kisha hungoja majuma kadhaa karatasi irudi na alama zake. Kosa alilolifanya juma la kwanza huenda amelirudia mara ishirini kabla ya kuambiwa kuwa ni kosa. Kwa hiyo mwanafunzi wa posta hana budi kuwa mwalimu wa nafsi yake: baada ya kuandika jibu, alifunike, alifanye tena kwa njia nyingine, aone kama yakubaliana.

Katika hesabu jambo hili si gumu. Vitabu vilivyotoka Uingereza vilitumia pauni, shilingi na peni, na peni 12 zilifanya shilingi moja, na shilingi 20 pauni moja. Mtoto wa Afrika ya Mashariki alikuwa na shilingi yenye senti 100, kwa hiyo ilimbidi ajifunze hesabu za fedha asizozishika kamwe mkononi. Aliulizwa: pauni 3, shilingi 17 na peni 8, ukijumlisha na pauni 2, shilingi 6 na peni 9, ni ngapi? Peni ni 17, yaani shilingi 1 na peni 5. Shilingi ni 24, yaani pauni 1 na shilingi 4. Jibu ni pauni 6, shilingi 4 na peni 5. Mwenye hekima aliondoa kiasi cha pili katika jibu, na kama hakurudi kwenye kile cha kwanza, alijua amepotea. Waingereza wenyewe waliziacha peni 12 tarehe 15 Februari, 1971, lakini desturi ya kurudi nyuma na kulipima jibu haijazeeka.

Hesabu za biashara zawafaa watu wa Rusinga kuliko wengi, kwa kuwa kisiwa chao ni soko. Mama anunuaye omena ufukoni, akawaanika juani, kisha akawapeleka mjini, anafanya kila juma mambo yale yale yaulizwayo katika karatasi ya mtihani. Na chukua mfano huu. Amenunua omena kwa shilingi 3,000. Ametoa shilingi 400 kwa gari na shilingi 100 kwa magunia. Ameuza kwa shilingi 4,200. Je, faida yake ni mia kwa mia ngapi?

Mwanafunzi mwenye haraka atasema amepata 1,200 juu ya 3,000, yaani 40 kwa mia. Amesahau gari na magunia. Gharama ni shilingi 3,500, faida ni 700, nayo ni 20 kwa mia ya gharama. Lakini kama swali lilitaka faida juu ya mauzo, basi 700 yagawanywa kwa 4,200, na jibu ni kidogo kuliko 17 kwa mia. Majibu yote mawili ni ya kweli, ila moja tu ndilo lililoulizwa. Darasani kosa hili hugharimu alama chache. Ufukoni huweza kumfilisi mtu, kwa maana mama aaminiye kwamba ana faida ya 40 kwa mia atakula mtaji wake huku akidhani anakula faida. Tena samaki mbichi si sawa na mkavu: uzito hupungua juani, na anayenunua kwa karai la omena mbichi na kuuza kwa gorogoro la wakavu yampasa ajue ni magorogoro mangapi yatokayo katika karai moja, la sivyo anakisia tu.

Riba nayo ina mtego wake, na mtego huo umo katika Kiingereza. Shilingi 5,000 zikikopwa kwa riba ya 10 kwa mia kwa mwaka, baada ya miezi sita riba ni shilingi 250. Zikikopwa kwa 10 kwa mia kwa mwezi, riba ya miezi hiyo hiyo sita ni shilingi 3,000. Tofauti yote imo katika neno moja dogo, "annum" au "month". Walimu wengi hufundisha masomo haya mawili kana kwamba hayajuani, hali karatasi ya hesabu huandikwa kwa Kiingereza, na mtoto ajuaye kuzidisha huanguka kwa sababu hakuelewa alichoambiwa azidishe.

Basi tuje kwenye sarufi, palipo na makosa yatokanayo na lugha za nyumbani. Si aibu, kila lugha ina njia zake. Katika Kiswahili "yeye" ni mwanamume au mwanamke, na Kijaluo kina "en" kwa wote wawili, kwa hiyo mtoto huandika "he" juu ya mama yake mzazi. Kijaluo hakina sauti ya "sh", kwa hiyo samaki, ambaye ndiye riziki ya kisiwa, hugeuka kuwa "fis" hata katika maandishi. Kiswahili hakina "a" wala "the", na mtoto huyatupa maneno hayo kama chumvi, mahali pengine mengi, mahali pengine hakuna. Neno "azima" hutumika kwa yule apaye na kwa yule apokeaye, lakini Kiingereza hutenga "lend" na "borrow", na anayeyachanganya katika barua ya biashara aweza kuonekana anadai fedha ambazo kwa kweli anadaiwa.

Kosa gumu kupita yote ni la kujibu swali la kukana. Mwalimu akiuliza kwa Kiswahili, "Hukuja jana?" asiyekuja hujibu, "Ndiyo, sikuja," akikubali maneno ya mwulizaji. Mwingereza katika hali hiyo hujibu "No", kwa maana yeye hutazama tendo lenyewe, wala si maneno ya aliyeuliza. Watu wazima wenye vyeti hukosea hapa, na mbele ya hakimu au mwajiri kosa hilo si dogo.

Kuhusu swali la namna hiyo, Bwana Mboya alieleza kisa katika kitabu chake Freedom and After, kilichotoka mwaka wa 1963. Siku moja, alipokuwa kazini katika maabara ya Halmashauri, mwanamke wa Kizungu aliingia na maziwa ya kupimwa. Alitazama huku na huku, akamwona Mwafrika mmoja amesimama, akauliza kama hapana mtu yeyote humo ndani. Kijana yule alimwuliza bibi huyo kama macho yake yalikuwa na hitilafu. Swali la yule mwanamke halikuwa na kosa lolote la sarufi.

Mwaka wa 1955 Bwana Mboya alipata nafasi ya kusoma katika Ruskin College, Oxford, chuo kilichowapokea wafanya kazi wasiokuwa na vyeti vya kawaida vya kuingilia chuo kikuu. Alikaa mwaka mmoja. Mwaka wa 1956 chama cha Fabian kilichapisha kijitabu chake juu ya mambo ya Kenya, kwa Kiingereza kisichohitaji kusaidiwa. Mwaka wa 1957 akaingia Baraza la Kutunga Sheria. Baadaye, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, alikuwa na mkono mkubwa katika Sessional Paper No. 10 ya mwaka wa 1965, waraka ulioonyesha njia ya uchumi wa nchi mpya. Hakuwa na cheti cha Cambridge hata siku alipokufa. Lakini alijua thamani ya kile alichokikosa, na katika Septemba 1959 ndege ilipoondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda vyuo vya Marekani, yeye ndiye aliyekuwa ametembea nchi ile akiwaombea nafasi na fedha.

Mitihani imebadilika majina mara nyingi tangu wakati huo. Ule wa shule ya msingi aliouvuka ulifuatwa na mingine, ukaja wa KCPE mwaka wa 1985, nao ukafanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Wale watakao kazi ya uhasibu hukutana na mitihani ya KASNEB, bodi iliyoanzishwa tarehe 24 Julai, 1969, majuma matatu tu baada ya kifo chake. Karo, hata hivyo, bado ni karo. Kwa jamaa za wavuvi wa omena, fedha hufuata mwezi: omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu mitumbwi hukaa ufukoni na mkono huwa mtupu. Baba anayeitwa shuleni kulipa katika siku hizo huomba angojwe mpaka giza lirudi.

Usiku wa namna hiyo, atokaye nje katika mwambao wa Rusinga huona taa za wavuvi zimetapakaa ziwani kama mji ulioelea, na nyuma yake, katika nyumba moja moja, taa nyingine juu ya meza. Mtoto aliyekaa hapo ameandika 700 juu ya 3,500. Ameufunika ukurasa, na sasa anaifanya tena kwa njia ya pili.