Alimzimisha mpinzani, dhahabu ikaenda kwa aliyezimia

TAREG Hamedi alikuwa anaongoza kwa pointi 4-1. Ilikuwa Agosti 7, 2021, fainali ya karate ya wanaume wa zaidi ya kilo 75 kwenye Olimpiki ya Tokyo, na kijana huyo alikuwa anaelekea kuipa Saudi Arabia dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki.

Akarusha teke la juu. Likatua sawasawa kwa Sajad Ganjzadeh wa Iran, jamaa akaenda chini kama gunia na kutolewa kwa machela. Waamuzi wakateta, kisha wakamwondoa Hamedi kwa kosa la kupiga kwa nguvu kupita kiasi. Ganjzadeh alikuja kuambiwa baada ya kuzinduka kwamba yeye ndiye bingwa.

Kwa shabiki wa soka, hiyo ni sawa na kupiga shuti likachana nyavu, halafu refa akakuonyesha kadi nyekundu.

Ndiyo maana ubishi wa vijiweni, eti karate inaipiga judo au kung-fu inaipiga ngumi, hauishi. Kila mmoja anataja mkali wake, hakuna anayetaja sheria.

Ukumbi huohuo wa Nippon Budokan uliwahi kushuhudia kioja kingine. Juni 26, 1976, Muhammad Ali alipanda ulingoni na mwanamieleka Antonio Inoki, kwa sheria zilizovutwavutwa na kila upande kabla ya pambano. Inoki akaona isiwe tabu, akalala chali na kuanza kumchapa Ali mateke ya miguu. Raundi 15 zikaisha hivyohivyo, Ali akiwa amerusha ngumi zisizofika hata 10. Matokeo yakawa sare, watu wakazomea, na Ali akaondoka na miguu iliyovimba iliyompeleka hospitali.

MZIKI WA DENVER

Novemba 12, 1993, mjini Denver, Marekani, sheria zilipunguzwa karibu zote. Yalikuwa mashindano ya kwanza ya UFC: hakuna kugawana uzito, marufuku kubwa ikiwa kung'ata na kutoboana macho. Mshindi akawa Royce Gracie wa Brazil, kijana mwembamba wa jiu-jitsu. Usiku mmoja aliwamaliza bondia Art Jimmerson, mwanamieleka Ken Shamrock na mpiga mateke Gerard Gordeau. Hakuwapiga ngumi za maana. Aliwashusha chini, na wawili wa mwisho akawapiga kabali, ile ambayo mtaani inaitwa roba. Jimmerson alisalimu amri hata kabla ya kukabwa.

Haki isemwe, kaka yake Royce alikuwa mmoja wa waandaaji, na familia ilitaka kuonyesha mchezo wake. Hata hivyo wapinzani walikuwa watu wazima na walijua wanakwenda kupigana. Kilichowaangusha ni kwamba wengi wao hawakuwahi kufanyia mazoezi mambo ya chini.

Hapo ndipo penye siri. Jigoro Kano alipoanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, ngumi, mateke na mbinu za hatari alizitenga, zikabaki za kufundishwa kwa mpangilio maalumu unaoitwa 'kata'. Mieleka na kukaba akaviacha vya kupambania kila siku, nguvu zote, na mtu anayekataa kuanguka. Mwanafunzi wa shule yake, Mitsuyo Maeda, ndiye aliyeupeleka ujuzi huo Brazil na kumfundisha Carlos Gracie, baba mdogo... yaani, baba mkubwa wa Royce.

Kwa maneno mengine, aliyeondoa mapigo ya kuua ndiye aliyetengeneza wapiganaji, kwa sababu pigo la kuua huwezi kumjaribia mwenzako Jumatatu na Jumanne akarudi mazoezini. Linabaki la kurushiwa hewani. Kata inajenga mizani, pumzi na nidhamu, hilo halina ubishi, lakini hewa hairudishi ngumi. Winga anayezungusha koni wiki nzima bila kukutana na beki atajulikana Jumamosi.

Ngumi, Muay Thai na mieleka zinafanana na judo kwa hilo: bila kupambana na mwenzako hujafanya mazoezi. Zipo pia klabu za karate zinazopigana kwelikweli, kama za Kyokushin, ambako mateke na ngumi za mwilini zinatua bila huruma.

Gracie mwenyewe hakubaki mfalme. Mei 27, 2006, Los Angeles, alikutana na Matt Hughes, mwanamieleka ambaye naye alishajifunza kukaba na kujinasua. Hughes alimweka chini, akampanda mgongoni na kumshushia ngumi hadi mwamuzi akaingilia kati, raundi ya kwanza tu.

Mzazi anayetafuta klabu ya mtoto asihangaike na rangi ya mkanda wa mwalimu. Akae pembeni ya mkeka saa moja, ahesabu dakika ambazo wanafunzi wanashikana na mtu anayebisha.