Binti Anapenda Mawe? Basi Asikimbie Kemia na Hesabu

Matokeo ya mtihani wa Serikali yakitoka, nyumba nyingi za Lubumbashi zinajaa furaha. Kisha linaingia swali: mtoto atasoma nini chuoni? Hapa kwetu Katanga, mji wa shaba, watoto wengi wanajibu: jiolojia. Sisi wazazi tunafurahi, tunatafuta minervali, na tunafikiri kazi yetu imekwisha.

Sisi walimu tunaona jambo moja linalorudi kila mwaka. Mtoto anaingia jiolojia akifikiri ni mawe peke yake, na kwamba ameagana na hesabu na kemia. Kila anapopewa nafasi ya kuchagua, anachukua somo jepesi. Siku ya kutafuta kazi anakuta milango mingi imefungwa, na pesa ya mama imekwisha kutumika. Ndiyo maana leo tunataka tuongee juu ya masomo ya kuchagua.

Kwanza tuelewane. Kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, jiolojia iko katika Kitivo cha Sayansi, na uhandisi wa migodi uko katika Politekniki. Mhandisi wa migodi anajifunza namna ya kutoa mawe. Mwanajiolojia anajifunza mawe hayo yalitokeaje, yamelala wapi, na ndani mna nini. Katika mfumo mpya wa LMD, lisansi ni miaka 3 yenye kredi 180, na masta ni miaka 2. Masomo mengi ya mwanzo ni ya lazima kwa wote. Uchaguzi unakuja baadaye: masomo ya hiari, staji, mada ya kazi ya mwisho, na njia ya masta. Hapo ndipo kila sayansi ina kazi yake.

Tuanze na kemia. Tazameni malakiti, lile jiwe la kijani ambalo mafundi wetu wanatengenezea shanga na sanamu. Ndani yake shaba imeungana na kaboni na oksijeni. Tone la asidi likidondoka juu yake, linatoa povu. Sasa tazameni heterojeniti, jiwe jeusi la Kolwezi, ambalo asiyejua angelitupa kama uchafu. Hilo lina kobalti, na inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Kemia ndiyo inayotofautisha mawe haya, na ndiyo inayoeleza kwa nini maji ya mto yamebadilika rangi karibu na kiwanda.

Ya pili ni hesabu. Mama anaonja kijiko kimoja cha mchuzi na kujua chumvi ya sufuria nzima, kwa sababu mchuzi umekorogwa. Ardhi haikukorogwa. Kampuni inachimba tundu moja hapa, tundu lingine mbali kidogo, na kutoa vipande virefu vya mawe vinavyoitwa karoti. Kati ya matundu hayo kuna shaba kiasi gani? Mwaka 1951 Danie Krige, mhandisi wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, alionyesha njia ya kukadiria kwa hesabu, na Mfaransa Georges Matheron akaikuza. Mpaka leo migodi inaitumia, sasa kwa kompyuta. Aliyekimbia takwimu hawezi kuketi kwenye meza hiyo.

Ya tatu ni fizikia. Katika kartie nyingi tunakunywa maji ya foraji. Kabla ya kuchimba, wataalamu wanapitisha umeme kidogo ardhini, kwani jiwe lenye maji linapitisha umeme kuliko jiwe kavu lililo gumu. Foraji iliyochimbwa bila kupima inaweza kuwa tundu kavu, na pesa ya wamama wa chama imepotea. Fizikia pia ndiyo inayopima mionzi. Tusisahau kwamba Shinkolobwe, karibu na Likasi, ndiko kulikotoka sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya Marekani ya mwaka 1945.

Na biolojia? Wengi wanaiona haina kazi hapa. Lakini vichuguu vyetu vikubwa, tunavyovivunja ili kufyatua matofali, vimejengwa kwa udongo ambao mchwa wameutoa chini. Wanajiolojia wanaupima kujua kilichofichika. Tena kuna ua dogo la Katanga, Haumaniastrum katangense, linalostahimili udongo wenye shaba nyingi unaoua mimea mingine. Mababu zetu waliyeyusha shaba na kufanya misalaba ya shaba kabla ya kampuni yoyote kufika.

Basi binti achague nini? Aanze na kazi anayoitamani, kisha arudi nyuma mpaka kwenye somo. Akitaka kutafuta madini mapya na kukadiria wingi wake, achukue hesabu, takwimu, fizikia na kompyuta. Akitaka labo au kiwanda, azidishe kemia. Akitaka maji ya kunywa, ashike fizikia pamoja na kemia. Akitaka kulinda mazingira, kemia na biolojia. Kama bado hajui, asiache kemia na hesabu, kwa sababu hizo mbili zinaingia katika kazi zote.

Wenye watoto wadogo, uchaguzi unaanza mapema, baada ya mwaka wa 8 wa elimu ya msingi. Seksio ya Sayansi inampa mtoto msingi mzuri.  Mara nyingi tunapeleka wavulana Sayansi na wasichana Ushonaji bila kumuuliza mtoto. Ushonaji ni kazi ya heshima, lakini uwe ni uchaguzi wake mwenyewe.

Tunasikia pia wakisema kwamba mwanamke akikaribia shimo, madini yanakimbia. Jiwe halijui nani analitazama. Tena kazi nyingi za jiolojia zinafanyika juu: kusoma karoti, labo, ramani, kompyuta.

Juma hili, mama, keti na mtoto wako, umuulize maswali matatu. Unataka kufanya kazi gani? Kazi hiyo inahitaji masomo gani? Ni somo lipi unalolikimbia, na kwa nini? Kisha nendeni pamoja kwenye idara mkaombe programu ya mwaka huu, maana programu hubadilika. Kama hofu ya hesabu ndiyo inayomsukuma, tafuteni mwalimu wa kumsaidia sasa, kabla ya kulipa pesa ya mwaka mzima.