Msasa Hauna Njia ya Mkato

Marehemu baba yangu, ambaye katika ujana wake alikuwa akiwabebea wachezaji mifuko katika uwanja wa gofu wa mjini Kisii, aliniachia fimbo moja kuukuu. Alipewa na mchezaji aliyekuwa amejinunulia mpya. Miaka mingi ilikaa darini kwetu Nyamira, ikila moshi wa jikoni, hata vanishi yake ikabanduka kama maganda ya kitunguu.

Fimbo hiyo ina mpini wa chuma, lakini kichwa chake ni cha mbao. Mipini ya kale ilikuwa ya mti. Ile ya chuma iliruhusiwa Uingereza mwaka wa 1929. Vichwa navyo vilichongwa hasa kwa mti wa Marekani uitwao pasimoni, jamaa ya abunusi, kwa kuwa ni mgumu na hustahimili kishindo cha mpira. Mwaka wa 1979 kampuni ya TaylorMade ilianza kuuza vichwa vya chuma, na mbao zikaanza kusahaulika. Bernhard Langer wa Ujerumani, aliposhinda taji la Masters mwaka wa 1993, bado alikuwa akipigia fimbo ya mbao.

Likizo moja niliazimia kuirejeshea fimbo ya baba sura yake. Nilifungua skrubu za bamba la chini, nikazongoa uzi uliofungwa shingoni, kisha nikatwaa msasa mkali na kukwangua vanishi kuukuu. Kwa saa moja mbao ikawa nyeupe na laini machoni pangu. Nikaipaka rangi mara moja. Lo! Mistari myeusi ilijitokeza kila upande, kana kwamba paka ameiparura. Nilikuwa nimesugua kwa kukata nyuzi za mbao badala ya kuzifuata, na rangi ikazama katika kila mkwaruzo. Niliirudisha darini kwa aibu.

Muhula ulipofunguliwa, tuliwapeleka wanafunzi wetu Tabaka kutazama uchongaji wa mawe ya Kisii. Wachongaji walikuwa nje wakitumia tezo na visu. Kando yao akina mama walikuwa wakisugua vinyago ndani ya karai za maji. Nilimsimulia mama mmoja masaibu yangu. Alicheka, kisha akaniambia:

"Mwalimu, kazi ya msasa wa pili ni kufuta alama za ule wa kwanza. Wa tatu nao hufuta za ule wa pili. Ukiruka mmoja, jiwe halisemi neno. Lakini ukilipaka nta, litakusengenya."

"Na nitajuaje kwamba alama zimekwisha, mama?"

"Likaushe. Likikauka halifichi kitu."

Nilirudi nyumbani nikaanza upya. Mbao si kama jiwe, kwa hiyo niliipangusa kwa kitambaa kibichi, mikwaruzo ikaonekana, nikaisugua kwa kufuata nyuzi, nikitoka msasa mkali hadi ulio laini kabisa. Uso wa kupigia mpira sikuugusa sana, maana una mbinuko mdogo ambao ukisawazishwa fimbo imeharibika. Ndipo nikapaka rangi, kisha vanishi nyembamba mara tano, kila mara nikingoja ikauke na kuipitishia msasa laini. Mwisho nikafunga shingoni uzi uliopakwa nta. Kazi niliyodhani ni ya siku moja ilichukua majuma matatu.

Mpenzi msomaji, huenda ukauliza fimbo ya gofu inawahusu nini walimu na wanafunzi. Inatuhusu sana. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 ulisisitiza kazi za mikono. Baadaye masomo hayo yakapunguzwa katika mtihani wa darasa la nane. Mtaala wa umilisi umeyarejesha, na wanafunzi wa Sekondari Msingi sasa wana somo la kuwaandaa kwa ufundi. Je, tunalifundishaje? Tunampa mtoto kazi ya kwenda nayo nyumbani, mzazi anakwenda kwa seremala, na Jumatatu kigoda kinafika darasani kikimetameta. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nimewahi kukipa kigoda cha namna hiyo alama za juu, nikijua fika kwamba mikono iliyokichonga haikuwa ya mwanafunzi wangu.

Tunasahihisha vanishi, wala hatusahihishi msasa. Mtoto maskini aliyejichongea kigoda kilichopinda hushindwa na pesa za mzazi wa mwenzake, na yule mwenye kigoda kizuri hatoki na ujuzi wowote. Wote wawili wamedhulumiwa.

Pendekezo langu halihitaji fedha nyingi. Kila shule ina madawati yaliyovunjika yaliyorundikwa nyuma ya darasa. Tuyatoe. Kila kikundi kipewe dawati moja, likarabatiwe shuleni mbele ya mwalimu, na alama zitolewe hatua kwa hatua: kufungua, kusugua, kuunga, kupaka rangi. Tuwaalike maseremala wa Keroka na akina mama wa Tabaka waje wafundishe, nao walipwe kwa heshima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi walimu tuwe wa kwanza kuinama.

Fimbo ya baba sasa imetundikwa ofisini mwangu. Karibu na shingo umebaki mkwaruzo mmoja ambao sikuweza kuufuta. Huwaonyesha wanafunzi huo kwanza.